Alama ya Pili Kwenye Kioo cha Redio

Kabula mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini yako naijua. Uko chumba cha pili, unagombana na zipu ya begi, na mara kwa mara unakohoa kikohozi kile cha vumbi la Nyakato ambacho malori ya viwandani yalikuzawadia tangu ukiwa mdogo. Kati yetu kuna ukuta wa tofali moja. Mtu mwenye akili timamu angesimama, agonge mlango, aseme anachotaka kusema. Mimi nimechukua kalamu kwa sababu najijua. Kwa mdomo nitaanza vizuri. Kisha utasema neno moja ambalo sikubaliani nalo, nami nitalijibu, nitaleta mfano, nitaongeza na mfano wa pili, na mwishowe nitakuwa nimeshinda na wewe utakuwa umeshapanda meli ya Nansio.

Nimeshinda mara nyingi sana, mwanangu. Nilishinda mabishano yote na baba yako, hadi siku alipohamia Kahama.

Kwa hiyo mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutopanda mtumbwi uliojaa wakati ziwa limechafuka, sitayaandika. Umeyasikia, na kesho mjomba wako Masanja atakurudia yote kutoka hapa hadi bandarini, kisha atakuuliza kama umebeba koti. Mimi nataka kukusimulia jambo ambalo unadhani unalijua.

Ni ile hadithi ya mjomba wako, ile anayoitoa kila sikukuu akishakula akashiba. "Jamani, huyu dada yangu mnayemwogopa redioni, aliwahi kuihamisha stesheni nzima ya taifa akaipeleka ziwani!" Watu wanacheka, mimi namrushia kitambaa cha mezani, hadithi inaishia hapo. Masanja anaikatisha hapo makusudi. Kwa ndugu anayependa kunichokoza kiasi kile, huo ni wema mkubwa, na sijawahi kumshukuru.

Nilikuwa darasa la sita, kule Magu. Nilikuwa wa kwanza darasani na kila mtu alijua, kwa sababu nilimwambia kila mtu. Babu yako, baba yangu, alilima pamba. Usinitazamie hapa nikuletee mzee asiyejua kusoma mwenye busara za ajabu; hadithi hizo nimezipinga kwenye magazeti miaka mingi na sitaanza kuziandika leo. Baba alisoma hadi darasa la nane, alipenda gazeti, na alikuwa na makosa yake kama watu wote. Na alikuwa na redio.

Ilikuwa redio ya mbao, kubwa kama kreti ya soda, imefunikwa kitambaa alichokifuma mama. Betri zake zikichoka tulizianika juani pamoja na dagaa. Kwenye kioo cha mbele kulikuwa na mshale mwekundu na mstari wa namba, na namba zile zote zilikuwa za mita: kushoto mia mbili, kulia kabisa mia tano na hamsini. Stesheni yetu ilikuwa kwenye mita mia nne. Baba aliukwaruza ukingo wa kioo kwa msumari pale pale penye mia nne, ili hata mtoto anayejifunza kuhesabu aipate.

Ninyi mliozaliwa na simu hamwezi kujua redio ile ilikuwa nini. Jioni, saa ya matangazo ya vifo, hakuna mwanamke aliyesonga ugali. Mwiko uliwekwa pembeni. Msomaji alisoma taratibu, jina baada ya jina: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, habari ziwafikie fulani na fulani, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Hapakuwa na njia nyingine. Ukikosa tangazo, umekosa maziko. Watu walikuwa wanapanda basi usiku ule ule na nguo walizovaa shambani.

Sasa wiki moja wakatangaza kwamba kuanzia Jumatatu stesheni itahama. Haitakuwa tena kwenye kilohezi mia saba na hamsini, itakuwa kwenye kilohezi elfu moja. Basi. Neno mita hawakulitaja. Mpaka leo nina ugomvi na mtu aliyeandika tangazo lile. Alikaa ofisini na redio mpya yenye namba za kilohezi, akasahau nchi nzima ya watu wenye vioo vya mita.

Baba akanitazama. "Haya, msomi wangu. Kilohezi elfu moja ni mita ngapi?"

Hakuna aliyewahi kunifundisha. Lakini je, mimi niseme sijui? Nikachukua kijiti, nikachora chini uani. Hesabu zote za nyumba yetu zilikuwa hesabu za pamba: magunia yakiongezeka, kilo zinaongezeka, ekari zikiongezeka, mbegu zinaongezeka. Vitu vyote nilivyovijua vilipanda pamoja na kushuka pamoja. Kwa hiyo nikafanya kama magunia. Ikiwa kilohezi mia saba na hamsini zinatoa mita mia nne, kilohezi elfu moja zitatoa mita mia tano thelathini na tatu. Nikasimama, nikajipangusa magoti, nikatangaza.

Jumatatu tukausogeza mshale hadi kule mwisho, upande wa kulia, uliokuwa unaelekea ziwani. Tukasikia mlio kama wa mafuta ya kukaangia, na chini yake, kwa mbali sana, mtu akiongea lugha tusiyoijua.

"Dada, hapa hakuna kitu," alisema Masanja. Alikuwa mdogo, magoti yake yana vidonda daima.

"Iko hapa. Mitambo mipya haijapata nguvu."

"Si tuzungushe tu mpaka tuipate?"

"Stesheni haitafutwi kwa kubahatisha kama kuku aliyepotea. Inatafutwa kwa hesabu. Na wewe utatumalizia betri."

Alipeleka mkono kwenye kitufe, nikampiga kibao vidoleni. Akamtazama baba. Baba akasema, "Mwache dada yako, amesoma." Nakumbuka alivyolisema neno lile, *amesoma*. Alilisema kama mtu anayeonyesha ng'ombe aliyemfuga mwenyewe.

Kwa hiyo tukakaa jioni baada ya jioni tukisikiliza mafuta ya kukaangia. Mama alipolalamika nilimjibu kwamba hali ya hewa ni mbaya. Jirani alipotuambia kwake inasikika vizuri, nikamwambia redio yake ni ya aina nyingine. Nilikuwa na jibu kwa kila mtu. Kabula, nikisikiliza kipindi changu cha asubuhi siku hizi, wakati mwingine namsikia mtoto yule. Sauti ni ile ile.

Kisha akaja Shija, mtoto wa shangazi yangu Mbula, dada mkubwa wa baba, aliyeolewa Sengerema. Alifika mchana, amenyoa kipara cha msiba. Baba alikiona kichwa kile, akakaa chini kabla hajapokea salamu.

"Mjomba," Shija akasema, "tulikutangazia kifo cha mama siku mbili. Tulichelewesha jeneza mpaka jua likazama, tukisema atafika, atafika. Mbona hukuja?"

"Jirani alikuwa safarini," baba akasema, "na redio yetu ina matatizo."

Nami nilikuwa nimesimama pale na bakuli la maji ya kunawa. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Ni betri, siyo hesabu."

Mjomba wako hajawahi kuifikisha hadithi hapa. Sasa nikupe kilichobaki.

Tangu siku ile baba alianza tabia mpya. Kila jioni, saa ya matangazo, alichukua fimbo yake akaenda kwa jirani. Sisi tulibaki na redio yetu na mlio wake. Nilidhani amechoka na kelele za nyumba. Nilidhani pia, na hili ndilo linaniuma, kwamba ananichukia na hataki kuniambia. Nikazidi kubisha. Mtoto anayehofu kwamba amekosa hupandisha sauti. Hata mtu mzima hufanya hivyo, muulize yeyote aliyewahi kuhojiwa na mimi.

Nikafaulu, nikaenda sekondari ya bweni. Kidato cha pili akaja mwalimu wa fizikia wa muda, kijana mwembamba aliyevaa viatu vikubwa kuliko miguu yake. Akaandika ubaoni kwamba mawimbi yote ya redio, yawe marefu au mafupi, yanakimbia mwendo mmoja: kilomita laki tatu kwa sekunde. Kilohezi, akasema, ni hesabu ya mawimbi mangapi yanapita kila sekunde, kwa maelfu. Mita ni urefu wa kila wimbi. Sasa fikirini. Ikiwa mwendo haubadiliki, na mnataka mawimbi mengi zaidi yapite kwa sekunde ile ile, kila wimbi lazima liwe fupi zaidi. Kimoja kikipanda, kingine kinashuka. Ukizidisha viwili hivyo, jibu halibadiliki kamwe. Mkitaka mita, akasema, chukueni laki tatu, mgawanye kwa kilohezi.

Akatafuta mfano. Angeweza kuchukua namba yoyote duniani. "Tuseme kilohezi elfu moja," akasema. Darasa zima likajibu kwa pamoja: mita mia tatu.

Mia tatu. Upande wa kushoto wa kioo. Mimi nilikuwa nimewapeleka wa nyumbani mwisho wa upande wa kulia.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, naomba kwenda nje." Nikaenda nikasimama nyuma ya tangi la maji. Nilichokiona mbele ya macho kilikuwa kipara cha Shija.

Likizo nilipofika nyumbani sikumwamkia mtu vizuri. Niliingia ndani, nikafunua kile kitambaa cha mama, niusogeze mshale mwenyewe hadi mia tatu. Na pale penye mia tatu, ukingoni mwa kioo, kulikuwa na alama ya msumari. Haikuwa mpya. Vumbi lilikuwa limeingia ndani yake kama lilivyoingia kwenye ile ya mia nne.

Baba alikuwa mlangoni.

"Baba, alama hii ni ya lini?"

"Ya siku nyingi."

"Kabla ya msiba wa shangazi au baada?"

"Ingekuwa kabla ningemzika dada yangu." Akaingia, akaketi kitini. "Siku ile Shija alipoondoka, ninyi mkiwa shuleni, nilizungusha kitufe kutoka mwanzo hadi mwisho. Sikutumia hesabu. Nikaipata."

"Na ulikuwa unasikiliza?"

"Mchana. Jioni kabla hamjarudi naurudisha mshale kule kwako."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na miaka kumi na miwili," akasema. "Mtoto wa miaka kumi na miwili unamtwisha gunia la kilo ngapi?"

Ndivyo ilivyokuwa, Kabula. Baba aliibeba siri ile peke yake. Kila jioni alienda kukaa kwenye kigoda cha mtu mwingine kusikiliza majina ya wafu, wakati nyumbani ana redio nzima inayofanya kazi, ili binti yake asijue alichokosesha.

Unadhani sasa nitasema, tazama upendo wa baba? Nilikaa miaka mingi nikisema hivyo. Lakini mimi ni mbishi, na nimebishana naye hata baada ya kumzika. Alinipa zawadi, ndiyo. Ila zawadi ile ilikuwa na gharama. Kwa muda wote ule nilitembea kijijini na shingo ndefu, nikizoea kwamba nikisema kwa nguvu na kwa hesabu, dunia inakaa kimya. Sikujua kwamba nyuma yangu kuna mtu anaurudisha mshale. Laiti angenipa hata robo gunia. Laiti angeniambia, "Mwanangu, umekosea, njoo tutafute pamoja." Labda ningejifunza mapema kusema neno *sijui*. Nimelijifunza nikiwa na mvi, na bado likinitoka linakwaruza koo.

Hilo ndilo lililonileta kwenye meza hii. Kwa sababu wiki tatu zilizopita, kwenye meza hii hii, nilikuuliza kama chuo cha sheria kimejibu.

"Sikuomba, Mama," ulisema.

"Uliniambia umeomba."

"Nilikuambia."

"Tangu lini unanidanganya?"

"Tangu nilipojua huwezi kuambiwa."

Ungeishia hapo labda ningevumilia. Ukaendelea kwamba umepata kazi kisiwani, ng'ambo ya Ukerewe, inafunguliwa redio ya wavuvi na wanataka fundi mitambo. Nikapandisha sauti. Nikasema miaka yote hii nimekusomesha ukapande nguzo? Nikasema nilikubali kozi yako ya mawasiliano kama mtu anayekaa kituoni akisubiri basi la kweli. Na wewe, ambaye hujawahi kunipandishia sauti, ulisema kwa sauti ya chini kabisa:

"Nguzo ndiyo inayofanya usikike, Mama. Unadhani maneno yako ya asubuhi yanatoka mdomoni yanatembea kwa miguu hadi Magu?"

"Wananisikiliza kwa sababu ya ninachosema!"

"Ndiyo. Wanakusikiliza. Hata sisi tunakusikiliza. Wewe ni redio, Mama. Redio haiambiwi kitu."

Mimi nikikosa jibu ndipo huwa mbaya. Nikasema, "Basi nenda. Kapande nguzo zako. Na ukianguka usiniite."

Uliinuka ukatoa vyombo. Tangu hapo ni "Shikamoo Mama" asubuhi na "Marahaba" yangu, na kijiko kikigonga kikombe.

Nimelala na sentensi ile wiki tatu. Nimewaambia madiwani maneno makali zaidi ya hayo na nikalala fofofo. Lakini kumwambia hivyo mtoto ambaye kazi yake ni kupanda mnara wa chuma katikati ya ziwa lenye radi! Siku ya pili nilianza kutunga utetezi wangu. Nikaona kwamba umenidanganya, na uongo ni uongo, na ningeweza kuutetea msimamo huo mbele ya jopo lolote. Kisha, nikiwa naosha mchele, nikaikumbuka ile alama ya pili.

Uliponiambia, "Nimeomba, Mama," ulikuwa unaurudisha mshale kule kwangu. Ulikuwa umeshaipata stesheni yako. Mchana ulikuwa unaisikiliza. Jioni, kabla sijarudi, unauweka mshale mahali ninapotaka mimi uwe, ukae nami tusikilize mlio wa mafuta ya kukaangia, nikikueleza jinsi utakavyokuwa wakili. Tofauti ni moja. Baba alinifanyia vile kwa huruma, maana nilikuwa mtoto. Wewe ulinifanyia kwa woga, na mimi ni mama mtu mzima. Huruma ile aliipanda Mungu. Woga huu nimeupanda mimi, kwa mkono wangu, tangu ulipojifunza kuongea.

Unakumbuka ulivyonieleza kwa nini kule nyuma ya mlima wa Mabatini redio za FM zinakatika lakini zile za masafa ya kati za zamani zilifika? Ulikuwa unamenya viazi. Ulisema mawimbi ya FM ni mafupi, mita tatu hivi. Yakikutana na mawe ya Mwanza yanakwama. Yale ya mamia ya mita yanaupinda mlima, yanateremka upande wa pili. Nilikuwa nakusikiliza nusu, nikitafuta pa kukukosoa. Wiki hii nimelifikiria sana. Maneno yangu mimi ni mengi kwa sekunde. Nilidhani nikiyaongeza yatavuka mawe... Sawa. Nakuona unacheka: Mama ameshaigeuza fizikia kuwa mahubiri. Naacha.

Nikuambie badala yake nililolipata jana. Nilikwenda kumwona Masanja gereji, nikamuuliza hiyo redio ya kisiwani itatangaza nini. Nilikuwa sijawahi kukuuliza wewe, unaona? Akanijibu huku ameingiza kichwa chini ya boneti. "Hali ya ziwa. Upepo. Bei ya samaki. Na matangazo ya vifo, kwa wale walioko makambini huko visiwani simu zisikoshika." Kisha akatoa kichwa, ana grisi puani, akanitazama. "Dada. Huyo mtoto anakwenda kurekebisha hesabu yako, na wewe unamnunia."

Sikumjibu. Andika tarehe hiyo mahali; ni mara ya kwanza.

Kwa hiyo nakuambia bila mfano na bila hoja: nilikosea. Si kwamba nilikuelewa vibaya, si kwamba nilikuwa nimechoka. Nilikosea. Kazi uliyoichagua ni nzuri kuliko ile niliyokuchagulia. Kuna mtu atakuwa kisiwani anaanika dagaa, na dada yake atafariki Sengerema, na atafika kumzika, kwa sababu wewe ulipanda nguzo ukakaza skrubu. Mimi na maneno yangu yote sijawahi kumfikisha mtu msibani.

Ila lile neno nililolisema halifutwi kwa karatasi, na wewe unajua. Kwetu neno baya la mzazi lina namna yake. Mzazi anachota maji, anasukutua, anayatema chini, na neno linatoka nayo. Kisha anachukua mengine safi anampulizia mtoto usoni. Baba alinipulizia siku nilipokwenda sekondari. Ndiyo, najua, nimewahi kuikejeli desturi hii hewani, mchungaji mmoja akanipigia makofi na mganga mmoja akanitukana. Nitawajibu wote wawili wakati mwingine. Kesho asubuhi kikombe kitakuwa mlangoni. Utasema nitakuharibia nywele ulizosuka leo. Nitaziharibu.

Na kuna kitu kingine. Mchana ulipokuwa saluni niliingia chumbani kwako, nikachukua kipande cha waya ulichokibakiza. Masanja aliniambia redio yenu itakuwa megahezi tisini na sita, na kwamba kutoka juu huku kwetu kwenye mawe, ziwa likiwa wazi mbele, mtu mwenye antena nzuri anaweza kuwapata. Nikasema nitaikata mwenyewe. Nilikuwa nimesikia mara nyingi ukisema: ukishafika kwenye megahezi, chukua mia tatu ugawanye. Mia tatu gawanya kwa tisini na sita: mita tatu na sentimita kumi na mbili na kidogo. Antena ni nusu ya wimbi, kwa hiyo mita moja na sentimita hamsini na sita. Nikaigawa mara mbili, kila upande sabini na nane. Nimepima kwa futi kamba ya cherehani, nimekata, nimefunga kwa misumari kwenye kipande cha mbao. Iko nyuma ya mlango wa jikoni. Ni mbaya kuitazama.

Sina hakika nayo, Kabula. Nakumbuka kulikuwa na jambo lingine ulilowahi kulisema, kwamba ndani ya waya wimbi halikimbii sawasawa na hewani, inabidi kupunguza. Nilikukatiza ukiwa katikati ya sentensi. Sikumbuki ni kupunguza kiasi gani. Sijui.

Kesho ukiamka, kabla ya chai, kaichukue uipime. Plaizi nimeiacha mezani, juu ya barua hii. Kama waya ni mrefu, usiniambie uko sawa. Usisubiri niondoke ndipo uurekebishe kimyakimya. Niite, unionyeshe nilipokosea, mbele ya mjomba wako ikibidi, acha acheke mpaka achelewe kukupeleka. Kisha ukate.

Na ukianguka, niite. Hata usipoanguka, niite.

Mama yako